Ukingo wa Gitaa: Gundi Ipasayo kwa Nakshi Zake

Mtu atazamapo gitaa lililoundwa kwa mikono, jicho lake huvutwa kwanza na mapambo: mstari mweupe uzungukao uso wake, nyuzi nyembamba nyeusi na nyeupe zilizolala kando ya mstari huo, duara la nakshi lizungukalo tundu la sauti, na pengine vipande vya ganda la chaza ving'aavyo shingoni. Watu wengi hudhani ya kuwa hayo yote yamewekwa ili kuwapendeza wanunuzi tu, na kwamba fundi mwenye haraka, au asiye na fedha nyingi, aweza kuyaacha pasipo hasara. Kwa habari ya duara la tundu na maganda ya shingoni, dhana hiyo ina ukweli wake. Kwa habari ya ukingo, haina ukweli hata kidogo. Magitaa mengi yarudishwayo kwa fundi yakiwa yameachana uso na mbavu yaliharibikia pale pale ukingoni, na mara nyingi kosa lilikuwa la gundi kuliko la mti.

Gitaa lina sehemu zilizopewa majina ya mwili wa binadamu: uso, mgongo, mbavu, kiuno na shingo. Uso ni ubao mwembamba wenye unene wa milimita 2 na nusu hadi 3, aghalabu wa spurusi, mti wa nchi za baridi ulio wa jamii ya msonobari. Mbavu ni nyembamba zaidi, kama milimita 2 tu. Uso unapokutana na mbavu, kwa ndani hutiwa mkanda wa mbao laini ili gundi ipate mahali pa kushika. Kwa nje fundi huikata ile kona na kufanya mfuo mwembamba uzungukao gitaa zima, na ndani ya mfuo huo hulazwa ukingo: kamba ya mbao, ya mfupa au ya plastiki, yenye unene wa kama milimita 2 na kina cha kama milimita 6. Kando ya ukingo hulazwa nyuzi za nakshi, ambazo ni vipande vya mbao au karatasi ngumu vyenye unene wa nusu milimita au pungufu. (Nyuzi hizi zisichanganywe na zile zipigwazo kwa vidole.)

Kazi ya ukingo ni kuziba. Mti hunywa unyevu na kuutoa kwa haraka kupita kote mahali mishipa yake ilipokatwa, kama vile mrija unavyonywa maji kwa mdomo wake wala si kwa ubavu. Mabegani na chini ya gitaa, ubao wa uso unakoma kwa mishipa iliyokatwa; pasipo ukingo, midomo hiyo yote imeachwa wazi. Tena ukingo hupokea mapigo. Gitaa likigongwa na kona ya meza, kamba ya mbao ngumu huumia kidogo, nayo yaweza kutolewa na kutiwa nyingine. Uso wa spurusi ukigongwa vivyo hivyo hupasuka.

Sasa fikiri habari ya gitaa lililoundwa Mombasa, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, kisha likachukuliwa Turkana wakati wa kiangazi. Ubao wa uso wenye upana wa sentimita 38, lau usingefungwa na kitu, ungepungua upana kwa milimita moja au mbili. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, maana mti hujikunja na kujitanua kwa upana wa mishipa yake. Ukingo nao una tabia yake. Ukingo wa mbao haubadiliki sana kwa urefu; ukingo wa plastiki haujali unyevu, lakini hujali joto na umri. Gundi iliyo katikati ndiyo inayopaswa kuwapatanisha hawa wawili. Kwa sababu hiyo si busara kuuliza gundi ipi ina nguvu kuliko zote. Gundi karibu zote ziuzwazo madukani zina nguvu kupita mti wenyewe. Yafaa kuuliza kwanza kama kitu kinachogandishwa hunywa maji au la. Halafu kama kitatulia au kitasogea. Na mwisho, kama iko siku mtu mwingine atahitaji kukifungua.

SHERISI

Gundi ya kale kuliko zote katika kazi hii ni ile ya moto itokanayo na ngozi za ng'ombe, ambayo mafundi wa pwani waliiita sherisi. Antonio de Torres wa Hispania, aliyeishi tangu 1817 hata 1892 na ambaye vipimo vyake vinafuatwa hadi leo na waundaji wa gitaa la nyuzi laini, hakuwa na gundi za kisasa, na magitaa yake kadhaa yangali yanapigwa.

Sherisi huuzwa katika punje kavu. Punje hutiwa katika maji baridi, kama sehemu 1 ya punje kwa sehemu 2 za maji kwa uzito, au maji pungufu kidogo, zikaachwa zivimbe kwa saa moja au mbili. Kisha chombo chake huwekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Moto usiiguse sherisi yenyewe. Joto litakiwalo ni nyuzi 60 hadi 65 za sentigredi. Ikizidi hapo kwa muda mrefu nguvu zake hupotea, na ikichemka imekwisha kazi. Fundi asiye na kipimajoto aangalie maji ya nje: yatoe mvuke bila kutokota. Ikiwa tayari, hutiririka kutoka kwenye brashi kwa uzi mmoja usiokatika, kama asali nyepesi. Sherisi iliyopashwa moto mara nyingi na ile iliyoanza kunuka zitupwe zote mbili. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya ubao mmoja wa uso.

Uzuri wake ni mwingi. Inapokauka hujivuta na kuvivuta vitu viwili pamoja, hata ufa usionekane. Haiachi doa chini ya vanishi likifutwa vizuri kwa kitambaa chenye maji ya moto. Haisogei polepole chini ya mvuto wa siku nyingi. Tena fundi wa kesho aweza kuifungua kwa kisu chembamba, maji na joto, akatengeneza palipovunjika, akaigandisha tena kwa sherisi mpya juu ya ile ya zamani. Wako mafundi wajisifuo kwamba gundi yao haiachi hata kwa nyundo. Atakayelipokea gitaa hilo kwa matengenezo miaka hamsini baadaye hatawashukuru.

Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa: hugeuka kuwa utelezi mzito kabla ya dakika moja kupita. Kuuzungusha ukingo wote wa gitaa, ambao ni zaidi ya mita moja, kwa gundi ya dakika moja si kazi ya mtu mmoja asiye na mazoea. Kwa hiyo mafundi huendelea kwa sehemu ndogo ndogo, sentimita 10 hivi kila mara, wakiwa wamefunga madirisha ili upepo usiingie, na wameupasha joto ukingo pamoja na mfuo wake. Wengine huongeza yurea kidogo, ile ile ambayo wakulima huifahamu kama mbolea, isiyozidi sehemu 1 kwa kila sehemu 10 za punje kavu. Yurea huichelewesha sherisi isigande upesi. Lakini ikizidi, gundi huvuta unyevu wa hewa na kulegea, na katika miji ya pwani jambo hilo si la kupuuzwa.

GUNDI NYEUPE NA YA MANJANO

Gundi nyeupe ya maseremala, na ndugu yake ya manjano iliyo ngumu zaidi ikikauka, ndizo zitumiwazo na wengi siku hizi kwa kingo za mbao. Hazihitaji moto, na humpa fundi dakika tano au kumi za kuweka mambo sawa. Kwa anayeunda gitaa lake la kwanza, ya manjano ndiyo ya kuchagua, na asione haya mbele ya wale wapendao mambo ya kale.

Hata hivyo yako mawili ya kuangaliwa. Kwanza, gundi hizi hulegea kwa joto. Gitaa likiachwa ndani ya motokaa iliyofungwa juani, joto la ndani laweza kufika au kupita nyuzi 60, na hapo kiungo kilicho chini ya mvuto huanza kuteleza kidogo kidogo. Sherisi kavu hustahimili joto kuliko hizi, ingawa nayo hushindwa joto likiambatana na unyevu mwingi. Pili, gundi nyeupe kwa gundi nyeupe haishikani ikiwa ya kwanza imekwisha kauka. Kiungo kikifunguka, hapana budi kukwangua mabaki yote hata mti uonekane, na kila ukwangufu huondoa sehemu ya ukingo ambao tangu mwanzo ulikuwa milimita 2 tu.

Liko na jambo la tatu, ambalo linazihusu gundi zote zenye maji, sherisi ikiwemo. Nyuzi za nakshi huvimba zikipata maji. Fundi akijaribu kulaza nyuzi zake kavu, zikaingia mfuoni kwa kukaza, hufurahi. Akitia gundi, nyuzi huvimba, nazo hazikubali kuingia tena, na gundi inakauka mkononi mwake. Ndivyo ilivyo hasa kwa karatasi ngumu, na kwa duara la tundu la sauti lenye vipande vingi. Dawa ni kuacha nafasi ndogo wakati wa kujaribu, kama unene wa karatasi moja ya daftari. Nafasi hiyo itajazwa na uvimbe.

SELULOIDI NA PLASTIKI NYINGINE

Hapo kale magitaa ya thamani yalitiwa ukingo wa pembe za ndovu. Kiwanda cha ukoo wa Martin, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1833 na seremala aliyetoka Saksonia ya Ujerumani, kilitumia pembe kwa magitaa yake ya bei kubwa hata mwishoni mwa miaka ya 1910, kikahamia seluloidi iliyotiwa mistari ili ifanane na pembe. Leo hakuna fundi mwenye akili atafutaye pembe. Mwezi wa Julai 1989 serikali ya Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi, na tangu Januari 1990 biashara yake kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku. Ng'amba wa baharini, ambaye gamba lake lilitumiwa vivyo hivyo, naye amelindwa.

Seluloidi hufanywa kwa pamba iliyotiwa asidi, ikachanganywa na kafuri; John Wesley Hyatt wa Marekani alipata hati ya kuifanya mwaka 1870. Ni kitu kizuri kwa macho, hupindika kwa joto dogo, hukwanguliwa kwa urahisi, na hugeuka rangi ya siagi kadiri inavyozeeka. Haikosi hila. Kwanza huwaka moto kwa ghadhabu kuliko karatasi, na vumbi lake vivyo hivyo. Fundi mwenye jiko la makaa la kupashia sherisi asikwangue seluloidi katika chumba hicho hicho. Pili hujikunja kwa miaka. Baada ya miaka 30 au 40 ukingo wake huwa mfupi kuliko gitaa, na hapo huachana na mbavu mahali pa kiuno, kwa kuwa kamba iliyokazwa hukimbilia njia iliyonyooka. Tatu, seluloidi iliyooza hutoa hewa kali ambayo hushika kutu nyuzi za chuma na chuma kingine kilicho karibu.

Kitu hiki hakinywi maji, kwa hiyo sherisi na gundi nyeupe hazikipati vizuri. Njia yake ni asetoni. Fundi hukatakata mabaki ya seluloidi, akayatia ndani ya chupa ya kioo yenye asetoni, akaiacha usiku kucha hata yayeyuke yawe kama uji mwepesi. Uji huo ndio gundi. Asetoni huulainisha ukingo na kuingia mtini, kisha huruka na kuacha seluloidi imeshikana na seluloidi. Ipakwe kidogo. Ikizidi, ukingo wote hulainika, nyuzi za rangi zilizogandishwa juu yake huchafuana, na kazi ya siku tatu hupotea kwa saa moja. Asetoni nayo hushika moto upesi, na mvuke wake hutambaa chini hata kulifikia jiko lililo mbali.

Plastiki za leo ziuzwazo kwa kingo za gitaa haziwaki kama seluloidi, na nyingi zake hukubali asetoni. Mtu akiletewa kamba ya plastiki asiyoijua asili yake, adondoshe tone moja la asetoni juu ya kipande cha kutupa. Kikiwa chenye kunata, gundi ya kuyeyusha itafaa. Kikibaki kikavu na kuteleza kama mfuko wa maziwa, hakuna gundi itakayokishika kwa kuaminika, na ni heri kukirudisha dukani.

MFUPA, PEMBE YA NG'OMBE NA MAGANDA

Vitu hivi vitatu havikosekani katika nchi zetu, na watu wa pwani wanaijua kazi yake tangu zamani: viti vya enzi vya Lamu na Unguja vya karne ya 19 vilipambwa kwa vipande vya mfupa na pembe vilivyotiwa katika mbao nyeusi. Mfupa wa paja la ng'ombe hufaa kuliko mingine. Sharti uondolewe mafuta, kwa kuchemshwa na kisha kulowekwa katika maji ya sabuni kwa siku nyingi. Mfupa wenye mafuta hauishiki gundi, na baadaye hutoa madoa ya manjano. Pembe ya ng'ombe ikitiwa katika maji yanayochemka hulainika na kukubali kunyooshwa au kupindwa, jambo ambalo mfupa haulikubali kamwe. Kwa sababu hiyo mfupa hutumiwa kwa vipande vifupi, na pembe kwa kamba ndefu.

Mfupa ulioparuzwa kwa tupa hushikana vema na sherisi, maana sherisi nayo ni mali ya mnyama. Ganda la chaza haliishiki vizuri, kwa kuwa ni kama jiwe. Hapa ndipo zinapofaa superglu na epoksi. Superglu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1958. Ni nyepesi kama maji, huingia katika ufa kwa yenyewe na kushika kwa sekunde chache. Epoksi huchanganywa kutoka vyombo viwili, haijivuti ikikauka, na hujaza mapengo. Fundi anayetia ganda katika ubao wa vidole uliofanywa kwa mpingo huchanganya epoksi na vumbi la mpingo huo huo. Pengo lililojazwa kwa mchanganyiko huo halionekani hata kwa mwenye macho makali.

Vumbi la ganda ni baya kwa mapafu. Anayelikata au kulisugua alilowanishe kwa maji na kufunika pua na mdomo kwa kifuniko kizuri. Superglu hutoa mvuke unaochoma macho, na epoksi ikizoea kugusa ngozi huleta vipele ambavyo huwafanya mafundi wengine waiache kabisa.

Kuhusu mpingo wenyewe, ambao huota Tanzania, Msumbiji na sehemu nyingine za Afrika, na ambao uzito wake huuzamisha majini, ni ukingo mzuri ajabu: mgumu, mweusi, mtulivu. Lakini una mafuta. Uso wake upanguswe kwa asetoni au spiriti dakika chache kabla ya kutia gundi. Ukipanguswa asubuhi na kugandishwa jioni, mafuta yamekwisha rudi juu. Miti yote ya jamii yake iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES tarehe 2 Januari 2017. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimetolewa katika sharti hilo, lakini mbao zenyewe zikivuka mpaka zahitaji kibali. Rozwudi ya Brazili, iliyosifiwa sana na wapiga gitaa, inazuiwa kwa ukali zaidi tangu 1992.

PEMBE INAYOKUTANISHA NYUZI

Kazi impimayo fundi kuliko nyingine zote iko chini ya gitaa, mahali mbavu mbili zinapokutana. Hapo hutiwa kabari ya mbao nzuri, pana kidogo upande mmoja na nyembamba upande mwingine, ili ikisukumwa ijikaze yenyewe na kuziba nafasi. Kando zake zimepambwa kwa nyuzi nyeusi na nyeupe. Nyuzi hizo hupanda hadi kwenye ukingo, na hapo sharti zikutane na nyuzi za ukingo kwa mshazari wa nyuzi 45, kila rangi ikigeuka kona pamoja na mwenzake: nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi. Ikikosewa kwa robo ya milimita, kosa linaonekana na kila mtu, hata asiyejua jina la kitu anachokitazama.

Kabari hugandishwa kwanza na kuachwa ikauke. Ndipo fundi akate mshazari kwa patasi iliyonolewa hata inyoe nywele za mkono, kwa pigo moja la kusukuma, si kwa kurudiarudia. Nyuzi za ukingo hukatwa ndefu kidogo, zikajaribiwa, zikapunguzwa unywele mmoja mmoja hata zikae bila kulazimishwa. Gundi hutiwa kidogo kwa ncha ya kijiti. Katika kona hii sherisi haina mpinzani: fundi akiona amekosea, hugusa kwa chuma cha moto na unyevu kidogo, uzi ukatoka mzima, akaanza upya. Aliyetumia superglu hana nafasi hiyo. Asetoni huifungua, lakini nyuzi nyembamba kwa kawaida huvunjika kabla haijafunguka.

Superglu ina kosa jingine mahali hapa. Kwa kuwa ni nyepesi, hukimbilia katika mishipa iliyokatwa ya spurusi na kuacha doa jeusi au la manjano ambalo msasa hauliondoi. Rangi nyeusi ya nyuzi nayo, ikiwa haikutiwa vizuri kiwandani, huyeyuka katika maji ya sherisi au katika spiriti na kutia uchafu kwenye mti mweupe. Kwa hiyo kabla ya kutia gundi ya namna yoyote, wenye kazi nzuri hupaka mfuo wa spurusi shelaki nyembamba kwa brashi ndogo, wakiangalia isienee juu ya uso wote. Nyuzi nyeusi hujaribiwa kwanza kwa kuzisugua na kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikichafuka, nyuzi hizo zirudi sandukuni.

Mitindo ya nyuzi hizi ni mingi. Ule unaofanana na mifupa ya samaki ulitumiwa na kiwanda cha Martin hadi katikati ya miaka ya 1940, nao ulinunuliwa kutoka Ujerumani. Akiba ilipokwisha kwa sababu ya vita, mtindo ukaachwa kwa miaka mingi. Magitaa yaliyopambwa hivyo kabla ya hapo huuzwa leo kwa bei ambayo ingeweza kununua shamba.

KUFUNGA NA KUKWANGUA

Gundi ikishatiwa, ukingo hufungwa. Wahispania hulizungushia gitaa lote kamba ya pamba, mzunguko juu ya mzunguko, hata lifanane na mzigo wa sokoni. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokatwa vipande virefu vyenye upana wa sentimita 2, hufanya kazi hiyo hiyo, tena hukaza kwa usawa zaidi. Mahali pa kiuno pahitaji uangalifu wa pekee, maana kamba iliyokazwa haigusi upande ulioingia ndani. Hapo hutiwa kabari ndogo ya mbao chini ya kamba ili isukume ukingo mfuoni.

Kisha huja subira, ambayo wengi hawana. Ukingo wa mbao uliogandishwa kwa gundi ya maji umevimba, na ule wa seluloidi umevimba kwa asetoni. Ukikwanguliwa siku ya pili hata uwe sawa na uso, utaendelea kukauka, na baada ya mwezi mmoja utakuwa umezama chini ya uso, kidole kikaweza kuhisi kidaraja chake chini ya vanishi. Mbao ziachwe siku 3 au 4. Seluloidi iachwe juma zima. Ndipo utumike ubapa wa chuma chembamba kilichonolewa, ukivutwa kuelekea ambako mishipa inalala, kamwe usivutwe kutoka kwenye ukingo mgumu kuingia kwenye spurusi laini, kwa sababu hapo huruka na kuchimba. Msasa hutumiwa mwisho kabisa na kwa uchache, kwa kuwa vumbi jeusi la mpingo likisuguliwa juu ya spurusi nyeupe huingia katika vinyweleo vyake, na halitoki ila kwa kukwangua tena.